Herufi ya Bwana Sadoki

Nchi hii haipo kwenye ramani, kwa hiyo asitokee mtu akasema ni kwao. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba. Tena ina kitu ambacho majirani zake hawana: herufi zake yenyewe. Rais Mwanzilishi alizichora kwa mkono wake asubuhi moja, akisubiri chai ipoe. Akazichora zote, akasema majina atazipa kesho. Kesho yake akapata mgeni, kesho kutwa akapata mafua, na baadaye akafariki, Mungu amrehemu, herufi zikabaki hazina majina.

Serikali sikivu haikushindwa. Ikateua Walezi. Kila herufi ikapewa Mlezi wake, mtu mzima mwenye suti, nayo ikaitwa kwa jina lake: herufi ya Bwana Fulani, herufi ya Bi Fulani. Mlezi akibadilishwa, vitabu vyote vya darasa la kwanza vilichomwa moto na kupigwa chapa upya. Ndiyo maana watoto wa nchi ile walijua vizuri sana nani kafukuzwa kazi, ingawa kusoma kwenyewe kuliwapiga chenga.

Bwana Kizito Malembeka alikuwa Mlezi, na hilo lingetosha kumfurahisha mtu yeyote mwenye shukrani. Tatizo lilikuwa herufi aliyopewa. Ilitumika katika neno moja tu la lugha nzima, nalo ni neno la chafya ya mbuzi. Si chafya ya mtu, si ya ng'ombe. Ya mbuzi. Mbuzi wa nchi ile walikuwa na afya njema, serikali iliwachanja kila mwaka, na kila chanjo ilizidi kuipunguzia herufi ya Malembeka kazi.

Herufi ya Bwana Sadoki Mtuwa, lo! Hiyo ilikuwa kila mahali. Ilikuwa ya mviringo, imetuna chini kama chungu, ina kimkia juu. Bila hiyo wimbo wa taifa ungebaki kikohozi. Jina la Rais lilikuwa nayo mwanzoni na mwishoni. Kwa sababu hiyo Bwana Sadoki alipewa gari lenye kibendera, na siku za sherehe alikalia sofa jukwaani. Malembeka alikalia kiti cha plastiki nyuma ya bendi, pale ambapo ngoma kubwa hupigwa.

"Muone, muone anavyojiachia!" alimwambia mkewe, Mama Tumsifu, siku ambayo televisheni ilimwonyesha Sadoki akizindua mzunguko wa barabara uliojengwa kwa umbo la herufi yake. "Mpaka magari yanamzunguka!"

"Baba Tumsifu, kula. Chakula kinapoa."

"Umeliona lile sofa?"

"Nimeliona. Kwani limetoka nyumbani kwetu?"

Malembeka alisukuma sahani. Donge lilikuwa limemkaa kooni, na ugali haukupata njia. Alikuwa mwembamba tangu ujana, lakini tangu Sadoki apewe sofa alikuwa amekonda hadi mkanda ukatobolewa matundu mapya. Wakubwa wanaweza kutaka urais, wengine wanataka pepo. Malembeka alitaka kitu kimoja tu, alikitaka asubuhi na alikitaka jioni: ile herufi ya mviringo iwe yake.

*

Sasa, wizara ilikuwa imewatengenezea wananchi kibodi ya taifa kwa ajili ya simu. Kilikuwa chombo kizuri sana chenye kasoro moja: ukibonyeza herufi yoyote, kinatoka kisanduku kitupu. Wananchi waliandikiana visanduku. Wapenzi waliapiana mapenzi kwa visanduku, na ndoa kadhaa zilifungwa kwa sababu hakuna aliyeelewa kwamba alikuwa amekataliwa. Msemaji wa serikali alipoulizwa alisema visanduku ni faragha, na kwamba nchi zilizoendelea zinatuonea wivu.

Asubuhi moja Malembeka alipokea ujumbe kutoka kwa mpwa wake aliyekuwa akisoma Bengaluru, huko India. Kijana alikuwa ameanza kujifunza Kikannada, lugha ya wenyeji wake, akamtumia mjomba herufi moja ili amwonyeshe maendeleo: ಕ. "Hii ni ka, Mjomba," aliandika.

Malembeka aliitazama mpaka macho yakamtoka machozi. Herufi ya watu wa mbali, haijawahi kumwona wala haimjui, imevuka bahari, imetua kwenye simu yake haijakunjika hata pembe! Imesimama pale kwa raha zake kama mgeni aliyefika na mizigo yake yote. Akajaribu kumrudishia mpwa wake herufi ya chafya ya mbuzi. Kikatoka kisanduku.

"Hata huyu?" alisema kwa sauti, peke yake ofisini. "Hata huyu naye ananizidi?"

Roho ilimuuma, lakini katika kuuma huko akapata wazo. Akakimbia kwa Waziri wa Herufi, Mheshimiwa Dakta Dakta Lusekelo Pondamali, ambaye aliitwa Dakta mara mbili kwa sababu vyuo viwili vilimpa shahada siku moja na hakutaka kuvunja moyo wa chuo chochote. Malembeka akamwonyesha simu. Akamweleza kwamba kuna Baraza la Herufi la Dunia, lenye Orodha, na herufi ikishaingia kwenye Orodha hiyo kila simu duniani itaijua.

Waziri alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Malembeka, hili ni wazo kubwa sana. Ni kubwa mno kwako. Natangaza Kamati ya Kitaifa, mwenyekiti Bwana Sadoki Mtuwa."

"Na mimi, Mheshimiwa?"

"Wewe utakuwa katibu. Herufi yako haina kazi nyingi."

Jioni hiyo redio ilimsifu Bwana Sadoki kwa maono yake ya mbali. Malembeka aliizima. Jirani akawa ameiwasha ya kwake, tena kwa sauti kubwa.

*

Kamati ilimwalika mtaalamu kutoka Bengaluru, mama wa makamo aitwaye Bi Shailaja, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Ukumbi ulijaa. Walezi wote walikuja na suti zao. Bwana Sadoki alikalia sofa lililobebwa kutoka uwanjani kwa kazi hiyo, na alipomwona Malembeka amesimama na makaratasi akamsogezea nafasi.

"Ndugu yangu, njoo tukae. Sofa ni kubwa."

Wema huo ulimchoma Malembeka kuliko tusi. "Nashukuru, nimezoea kusimama," akasema.

Bi Shailaja alieleza bila maringo. "Herufi zetu za Kikannada zina mtaa wao katika Orodha, na kila herufi ina namba yake. Ka yetu, kwa mfano, ina namba yake peke yake, haishirikiani na herufi yoyote ulimwenguni. Nikikuandikia ka, mchoro hausafiri. Inasafiri namba. Simu yako ikiipokea inasema, aa, namba hii ni ka, kisha inaichora yenyewe."

"Yaani herufi yenyewe inabaki nyumbani?" aliuliza Waziri.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Inatuma namba tu?"

"Namba tu. Tena kwa kawaida namba hiyo hukatwa vipande vitatu ili ipite njiani, na ikifika vipande vinaunganishwa."

Waziri aligonga meza. "Vipande! Herufi ya Rais Mwanzilishi ikatwe vipande! Katika kipindi changu!" Ukumbi ukapiga makofi kwa uchungu. Ikaundwa papo hapo kamati ndogo ya kuzuia ukataji, ikapewa magari mawili, na mpaka leo bado iko njiani inavitafuta hivyo vipande.

Kisha Bi Shailaja akasema jambo ambalo wengine walilisikia kwa sikio moja. "Naomba muwe waangalifu na majina. Kila herufi huandikishwa kwa namba na kwa jina, na vikishaingia havitoki. Havifutwi, havibadilishwi, kwa sababu mashine za dunia nzima zimeshavitegemea. Sisi wenyewe tuna herufi moja ya zamani, siku hizi haitumiki. Siku ya kuandikishwa iliandikwa jina lisilo lake. Ikaitwa Fa, na wala si Fa. Kosa likajulikana. Lakini mpaka leo inaitwa Fa, na hata wajukuu wa wajukuu wetu wataikuta inaitwa Fa. Tulichopewa ni maelezo madogo chini yake, yanayosema jina hili ni la makosa."

Ukumbi ulicheka. Sadoki alicheka mpaka kitambi chake kikatikisika, maana alikuwa nacho, na kilikuwa cha heshima. Malembeka pekee hakucheka. Alikuwa akikitazama kile kitambi, na akilini alikuwa akiilinganisha ile herufi ya mviringo na Mlezi wake.

Waziri akafunga mkutano kwa hotuba. Baada ya kuwashukuru waliokuja na kuwaonya wasiokuja, akatoa agizo: "Tumechoka kuchoma vitabu. Kuanzia siku Orodha itakapotoka, herufi haitaitwa tena kwa jina la Mlezi. Mlezi ndiye atakayeitwa kwa jina la herufi! Kwenye hotuba, kwenye mialiko, hata kanisani na msikitini. Na yeyote atakayemwita kwa jina la nyumbani atakuwa amelitukana taifa."

Makofi yakavuma. Malembeka alipiga makofi kuliko wote, mpaka viganja vikawaka.

*

Kazi ya kuandika majina ikamwangukia katibu. Walezi wakaanza kupanga foleni mlangoni kwake, watu ambao zamani hawakumjibu salamu. Mmoja alitaka herufi yake iitwe Simba, mwingine Radi, mwingine jina la mama mkwe ili apate amani nyumbani. Malembeka aliandika yote. Alijisikia mtu.

Siku ya mwisho akaja Sadoki mwenyewe, na fungu la ndizi mkononi.

"Hizi za mama watoto," akasema. "Wanasema unakonda, ndugu yangu. Kazi hii inakuchosha."

"Sijambo. Herufi yako unataka iitweje?"

"Aa, mimi sina makuu. Chagua wewe. Wewe ndiye unayezijua hizi herufi kwa moyo, mimi nimebahatika tu. Nakuamini."

Akatoka, akisalimia kila mtu kwenye korido, na kila mtu akimchekea kwa mapenzi. Malembeka alizitazama zile ndizi. Kama Sadoki angemtukana, labda mkono wake ungesita. Lakini kupendwa na mtu aliyekalia sofa lako, akakuletea na ndizi juu yake, hicho ni kitu ambacho Malembeka hakuweza kukivumilia. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Akakaa, akavuta pumzi, na mbele ya herufi ya mviringo akaandika kwa herufi kubwa za Kilatini, kama Baraza lilivyotaka: KITAMBI CHA BURE.

Akacheka peke yake mpaka akashika mbavu. Kisha mbele ya ile ya chafya ya mbuzi akaandika: FAHARI YA TAIFA, MAMA WA HERUFI ZOTE.

Waziri alitia sahihi bila kusoma. Hakuwa mzembe, msimfikirie vibaya. Katika nchi ile mkubwa kusoma anachotia sahihi ilikuwa kuwavunjia heshima walio chini yake. Baraza la Dunia nalo liliuliza mara moja kama nchi ina hakika na majina hayo. Katibu wa Kamati alijibu siku hiyohiyo: ina hakika kabisa.

Jioni Malembeka alikula sahani mbili. Mama Tumsifu alimtazama kwa wasiwasi.

"Baba Tumsifu, una nini leo? Unatabasamu kama umeokota."

"Ngoja tu, mke wangu. Kuna mtu ataitwa jina lake mbele ya Rais, na hatalivua mpaka anaingia kaburini."

"Nani tena? Kakukosea nini?"

"Kanikosea kwa kukaa."

Mama Tumsifu akakusanya vyombo. "Wivu huo utakuja kukutia aibu, mwanaume wewe," akasema, akaenda zake kuosha.

*

Orodha ya Dunia ikatoka, na herufi zote za nchi zikawamo. Wananchi waliamka wakakuta visanduku vimekwisha. Wakaanza kusomana kwa mara ya kwanza, na ndoa kadhaa zikavunjika wiki hiyo. Sherehe ikapangwa ifanyike uwanjani, mbele ya Rais, na hapo kila Mlezi aitwe kwa jina lake jipya, kwa kipaza sauti. Ili kulinda heshima ya jambo lenyewe, majina yalifungwa kwenye bahasha yenye nta, na wananchi wakakatazwa kuifungua Orodha, asiyaone mtu mpaka siku hiyo.

Lakini nchi ile haikuwahi kufanya sherehe bila mabadiliko kwanza. Asubuhi ya siku yenyewe, Malembeka akivaa tai, redio ikapiga ule muziki wake wa kutisha, na mtangazaji akasema Mheshimiwa Waziri amefanya mabadiliko madogo ya Walezi kama ifuatavyo.

"Bwana Sadoki Mtuwa, kwa ombi lake mwenyewe, anapumzishwa shughuli nzito za herufi kuu. Ameomba apewe herufi ndogo isiyo na usumbufu, ile ya chafya ya mbuzi. Nafasi yake inachukuliwa na Bwana Kizito Malembeka, ambaye Bwana Sadoki amempendekeza kwa maneno yafuatayo: hakuna mtu katika nchi hii aliyeitazama herufi hii kwa muda mrefu kama ndugu yangu Malembeka."

Mama Tumsifu alipiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani. "Baba Tumsifu! Umepata! Sofa, baba! Gari!" Akageuka kumkumbatia mumewe, akamkuta ameketi sakafuni, tai imefungwa nusu, midomo ikicheza bila sauti.

"Furaha imemzidi," wakasema majirani, wakamwagia maji.

Gari lenye kibendera lilikuwa limekwishafika mlangoni. Malembeka alimsihi dereva ampeleke kwanza kwa Waziri. Dereva akasema amri ni uwanjani tu. Uwanjani alimsihi mpambe ampe ile bahasha japo kidogo. Mpambe akaangalia nta, akamwangalia yeye, akasema, "Mheshimiwa, sofa lako ni lile."

Akakaa. Lilikuwa sofa laini kuliko alivyoliota. Lilimmeza mpaka yakabaki magoti na kichwa. Nyuma ya bendi, kwenye kiti cha plastiki, Sadoki alimpungia mkono kwa furaha ya kweli.

"Wa kukaa hapo ndiye wewe!" Sadoki akamwita kwa sauti. "Nilimwambia Waziri!"

Mshereheshaji akavunja nta. Akaanza na herufi ndogo, kama itifaki inavyotaka.

"Naomba asimame Mheshimiwa Fahari ya Taifa, Mama wa Herufi Zote!"

Sadoki alitazama kushoto, akatazama kulia, akaambiwa ni yeye. Akasimama akishika kofia, amechanganyikiwa kwa haya. Uwanja mzima ulinyanyuka. Rais mwenyewe alisimama, maana nani atabaki amekaa mbele ya Mama wa Herufi Zote? Wapambe wakakimbia, wakampa Sadoki kiti kando ya Rais, cha dhahabu, kipya, ambacho hakikuwahi kukaliwa.

Wakaitwa Simba, na Radi, na mama mkwe wa yule bwana, hadi ikabaki moja. Mshereheshaji akasoma kimya. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akamtazama Waziri. Waziri, ambaye sahihi ilikuwa yake, akatikisa kichwa kwa hasira kuashiria endelea.

"Naomba asimame... Mheshimiwa... Kitambi cha Bure!"

Kisha Malembeka, mwembamba kama ufito, akaanza kujichomoa kwenye sofa. Likamshika. Wapambe wawili wakamvuta. Alipokwisha simama, suruali imemlegea kiunoni, mtoto mmoja katika kwaya ya shule akacheka, na baada ya hapo hakukuwa na serikali ya kuuzuia uwanja ule. Watu walianguka. Bendi ilianguka. Inasemekana hata mbuzi mmoja alipiga chafya, lakini hilo halijathibitishwa.

Sadoki pekee hakucheka. Alimtazama Malembeka kutoka kwenye kiti cha dhahabu, akakitazama na kitambi chake mwenyewe, na polepole uso wake ukabadilika, kama mtu anayesoma kitu alichokitia sahihi zamani. Tangu siku hiyo hakuleta tena ndizi.

*

Malembeka alimwandikia Bi Shailaja, akimsihi amsaidie. Alikiri kwamba kulitokea, kwa namna isiyojulikana, kosa dogo la kiuandishi. Mama yule alijibu kwa upole. Alisema jina halibadiliki, alishalieleza hilo, lakini Baraza linaweza kuongeza maelezo madogo chini yake: jina hili ni la makosa. Maelezo hayo yakaongezwa. Yameandikwa kwa maandishi madogo sana, na kwa Kiingereza.

Siku hizi Mheshimiwa Kitambi cha Bure ana gari, ana sofa, ana herufi aliyoililia maisha yake yote. Huitwa kwa jina lake harusini na msibani. Watoto wa darasa la kwanza huliimba kila asubuhi, na vitabu vyao havitachomwa tena. Jioni akitoka kazini hukaa sebuleni, akafungua simu, akatafuta ile herufi ya zamani ya Kikannada, iliyoandikwa jina lisilo lake. Huitazama kwa muda mrefu, na lile donge la siku zote humpanda.

"Fa," husema. "Fa tu. Wenzetu hata makosa yao ni mafupi. Wana bahati gani hawa watu?"

Na Mama Tumsifu humjibu kutoka jikoni, bila kugeuka:

"Baba Tumsifu, njoo ule. Huenda siku moja jina likakuenea."